Kalenda Iliyojua Jana Tu

Pale Kabiria, ukishapita mashine ya kusaga unga, kuna jengo la ghorofa moja. Chini ni duka la rangi na misumari, juu ni studio ya densi. Ukipanda ngazi, mtu wa kwanza utakayekutana naye ni Philister. Atakuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, kitambaa cha bluu kichwani, leso magotini, simu juu ya leso. Atakukaribisha kabla hujafika ngazi ya mwisho, na atakuuliza kama umebeba maji ya kunywa, maana huko ndani watu hutoka jasho.

Sisi tunamwita Mama Sammy. Mimi ni jirani yake, ukuta wetu ni mmoja, na kanisani tunaketi benchi moja. Nimeona niandike habari zake angali hai na mwenye afya, kwa sababu watu wengi husemwa vizuri siku ya mazishi tu, na wenyewe hawasikii. Na pia kwa sababu jambo hili liliisha vyema, Mungu asifiwe, hata nikilikumbuka nikiosha vyombo natabasamu.

Mume wake, Odero, alikuwa fundi wa ujenzi. Alipofariki, Philister alikaa. Sina neno lingine. Asubuhi alitoa kiti nje ya mlango akakaa, jioni akakirudisha ndani. Alikaa mpaka miguu ikavimba. Daktari wa kliniki akampima huku na huku, akamwambia, "Mama, shida yako si ugonjwa. Shida yako ni kiti." Ndipo akaanza kutembea, na katika kutembea akasikia muziki juu ya duka la rangi, akapanda kuuliza kama kuna kazi ya kufagia.

Mwenye studio ni Kihara, kijana wa Mutuini, ambako watu wake walikuwa wakilima kabla hizi nyumba za kupangisha hazijajaa. Alimpa Philister ufagio, kisha funguo, kisha akamwachia simu ya kupokea wanaotaka nafasi. Wakazoeana. Kihara akikosa kula mchana, Philister anajua bila kuambiwa.

Siku moja Kihara alirudi kuchukua koti alilosahau, akamkuta Philister anapiga deki huku redio imefunguliwa. Deki ilikuwa inakwenda kushoto, mama anakwenda kulia, halafu wanageuka pamoja.

"Aii, Mama Sammy! Kumbe umekuwa ukinificha!"

Philister aliacha fimbo ya deki ikaanguka. "Nilikuwa nasugua doa."

"Doa gani hiyo inasuguliwa na mabega?"

Walicheka sana siku hiyo, lakini Philister hakuliachia hapo. Alimwambia Kihara kwamba mtaani wako akina mama wengi wanaokaa kama alivyokaa yeye, wengine dukani, wengine kwenye viti vya wafu wao, na hakuna anayewaambia wainuke. Akaomba saa moja ya Jumamosi asubuhi, saa nne, mlango uwe wazi kwa mama yeyote, bila malipo. Kihara atafundisha, yeye atawaita. Kihara akakubali.

Basi nikwambie ukweli, tulikuwa watatu. Philister, mimi, na mama anayeuza githeri, yale mahindi na maharagwe, ambaye alikuja wateja wake wakimruhusu. Ukumbi ule ni mkubwa. Watatu mkicheza humo mnaonekana kama mmepotea.

Ikaja timu ya harusi. Wasimamizi wa bibi harusi na wa bwana harusi, vijana wengi, wanataka kufanya mazoezi ya kuingia ukumbini wakicheza, na saa waliyotaka ni hiyo hiyo ya Jumamosi saa nne. Kihara alikuja kuketi kando ya Philister kwenye benchi. Nilikuwepo, nimepeleka chai.

"Mama Sammy, mimi siwafukuzi," akasema. "Lakini siwezi kufungia watu mlango kwa sababu ya watu watatu. Jumamosi hii nimeitangaza ni siku ya wazi ya akina mama. Wakija, saa ni yenu. Tukibaki hivi hivi, naipatia harusi, na hiyo ya akina mama tutaipumzisha."

"Tutaipumzisha mpaka lini?"

Kihara akatazama chai yake. "Tuone tu."

Philister aliitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia, "Mama Becky, kitu kikipumzishwa Nairobi hakiamki." Usiku huo kupitia ukuta nilimsikia akiomba, na jina la Jumamosi lilitajwa.

Sasa, kutangaza kwenyewe. Zamani studio ilikuwa na kalenda ya ukutani, ile tunayopewa na maduka mwezi wa kumi na mbili. Philister aliandika humo kila kitu kwa kalamu ya bluu, na mwisho wa kila mstari aliandika *Mungu akipenda*. Anayetaka kujua kuna nini alipanda ngazi akasoma. Lakini Kihara alisema watu wa siku hizi hawapandi ngazi kabla hawajatazama simu, basi akatengenezewa tovuti na Quincy, kijana mwenye kibanda cha kuchapa kadi na mabango kule River Road.

Quincy alipanga hivi. Philister ataandika matukio kwenye kalenda ya simu ya studio, na tovuti itayachukua yenyewe na kuyaonyesha kwa watu. Yale ya faragha, kama mazoezi ya harusi, yatabaki ndani. Yale ya watu wote yatatoka nje. Akambadilishia hata lugha ya simu ikawa Kiswahili. Philister alifurahi. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, na hakuruka kitu.

Lakini tovuti haikumtii. Ukiifungua, mahali pa matukio yajayo palikuwa pameandikwa kwamba hakuna lolote lililopangwa. Ukirudi nyuma, wiki iliyopita, yote yapo! Densi ya watoto, ipo. Siku ya wazi ya vijana, ipo, na saa yake. Yote yaliyokwisha kupita yaliandikwa vizuri kabisa, na yanayokuja hakuna hata moja. Watu wakawa wanapiga simu kuuliza, "Nyinyi mlifunga?" Mwingine alimwambia Philister, "Mama, mnatualika jana?"

Kihara alimpigia Quincy, Quincy akasema ni intaneti. Siku ya pili akasema ni saa ya tovuti, iko nyuma. Akaisogeza mbele. Bado. Akasema labda mathe, ndivyo anavyomwita Philister, haandiki. Philister akafungua simu akamwonyesha Kihara. Jumamosi ya akina mama ilikuwepo hapo, imeandikwa, imetulia.

Ilipofika Alhamisi Kihara alisema, "Twendeni River Road. Ashike hii simu kwa mkono wake." Nami nilikuwa na shughuli ya kununua vifungo huko, nikaandamana nao.

Kibanda cha Quincy kiko ndani ya jengo lenye vibanda vingi, na mashine za kuchapa hazinyamazi, unaongea ukipaza sauti. Quincy ni mwembamba, amevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alitukalisha kwenye viti vilivyojaa karatasi.

"Sasa mathe! Habari ya Kabiria?"

"Njema, mwanangu. Kalenda yako inajua jana tu."

"Aki hiyo kitu imeninyima usingizi." Akachukua simu, akaitazama, akaiunganisha na kompyuta, akakuna kofia. "Saa iko sawa. Tarehe iko sawa. Mathe, ile saa nne unaandikanga nne ama kumi?"

"Naandika kumi. Simu inaita kumi, mimi naita nne, na sote tunajua ni ile baada ya chai."

"Poa. Hebu weka moja mpya mimi nikiangalia. Usiharakishe."

Philister akafuta vidole kwenye leso. Akaandika: *Densi ya akina mama. Jumamosi ijayo. Wote karibu. Mungu akipenda.* Akaweka saa. Akaweka kwamba ni ya watu wote. Kisha chini kabisa, mahali simu inapouliza kama jambo ni hakika au huenda, akabonyeza kwa upole.

Quincy akainama. "Ngoja. Umebonyeza gani hapo?"

"Huenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Jumamosi haijafika."

Mashine ya jirani ilikuwa ikipiga taka taka taka. Quincy akamtazama Kihara, Kihara akatazama simu.

"Na zile za wiki iliyopita?" Quincy akauliza. "Mbona hizo ziko hakika?"

"Hizo zilifanyika," Philister akasema. "Jumatatu nikifika huwa narudi nyuma. Lililofanyika naliweka hakika, maana nimeliona kwa macho yangu. Lisilofanyika nalifuta."

Quincy alivua kofia. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Alicheka mpaka akashika meza, na jirani wa kibanda cha pili akachungulia kuuliza kuna nini. "Website inabeba zile za hakika peke yake!" akasema. "Mimi mwenyewe niliiambia isibebe huenda! Na mathe anangoja Mungu kwanza apitishe!"

Kihara naye alishindwa kujizuia. "Mama Sammy! Mimi nimelaumu intaneti, nimelaumu Quincy, nimelaumu hata stima, kumbe ni imani yako!"

Philister alitabasamu kidogo, kisha akashusha macho kwenye leso. Wale vijana walikuwa hawajui. Mimi nilijua, nikamshika goti.

"Msinicheke sana," akasema. "Odero aliniambia jioni, 'Kesho hakika tunaenda kumwona Sammy.' Nikampigia nguo pasi, nikazitundika kwenye kiti. Asubuhi nguo ziko kwenye kiti na mwenyewe hakuamka. Tangu hapo neno hilo silisemi juu ya kesho. Si ubishi, wanangu. Kidole chenyewe kinakataa."

Kihara akaacha kucheka. Alikuwa amefanya kazi na mama huyu muda wote huo na hakuwa amelisikia. "Pole, Mama Sammy," akasema kwa sauti ya chini, nusu yake ikamezwa na mashine.

"Pole sana, mathe," Quincy akasema. Akavuta kiti akaketi karibu naye, magoti yao karibu yagusane. "Naweza badilisha hiyo kitu ibebe hata huenda. Lakini nikuulize swali kwanza. Mtu akikupigia simu aseme, 'Mama, nije kwako kesho?' unamjibu nini?"

"Namwambia njoo."

"Humwambii huenda?"

"Nikimwambia huenda si atabaki kwake?"

"Eeh. Basi hiyo ndiyo simu inakuuliza. Haiulizi kama Mungu amekubali, hiyo haina uwezo wa kuuliza. Inauliza kama nyinyi mmekubaliana. Mwenye mlango, mwenye kufundisha, mwenye funguo. Mkishakubaliana, unawaambia watu waje. Ya Mungu inabaki ya Mungu."

Philister alikuwa anakunja pembe ya leso na kuikunjua. "Kwa hivyo siku zote hizi," akasema, "wale akina mama wakitazama, mimi nimekuwa nikiwaambia wabaki kwao."

Nikamshika mkono, maana ilikuwa hivyo.

Akainua uso. "Kihara. Jumamosi, kesho kutwa. Umekubali kufungua mlango?"

"Nimekubali."

"Umekubali kufundisha, hata tukiwa watatu?"

"Hata mkiwa wewe na deki."

"Mama Becky, utakuja?"

"Nitakuja," nikasema.

"Na mimi mwenye funguo nimekubali." Akashika simu kwa mikono miwili. "Lakini yale maneno yangu ya mwisho sifuti."

"Acha yakae," Quincy akasema. "Hayasumbui mtu."

Akarudi kwenye ile Jumamosi ya kesho kutwa, akabonyeza hakika. Quincy akageuza kompyuta tuione. Mahali palipokuwa patupu siku zote pakatokea Jumamosi yetu, saa yake, wote karibu, na chini yake kabisa, mbele ya Nairobi nzima, *Mungu akipenda*. Philister akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma jina la mtoto wake aliyefaulu. Kisha akaendelea na matukio mengine, na kila moja alimuuliza Kihara kwanza. Mawili Kihara alikuna shingo akasema hayo bado hajapanga vizuri. Yakabaki huenda.

Ijumaa haikuisha upesi. Philister alifagia studio mara ya pili pasipo na uchafu. Aliniambia hana hofu, kisha akaniuliza kama nadhani mvua itanyesha.

Jumamosi tulifika mapema. Kihara alifungua madirisha, akajaribu muziki, akauzima. Mama wa githeri akaja, akaomba radhi kwamba hatakaa sana. Saa nne ikafika. Watatu. Kihara alikuwa amesimama karibu na mlango, anachezea kamba ya spika, hataki kumtazama Philister, na Philister hataki kumtazama yeye. Simu ya Kihara ikalia, nikasikia akisema, "Ndiyo, bwana harusi, nitawajibu leo. Leo mchana."

Nilianza kuomba kimoyomoyo, nisikufiche.

Ndipo tukasikia viatu kwenye ngazi. Viatu vya watu wazima, vile vinavyopanda ngazi moja, vinapumzika, vinapanda nyingine. Sauti ya mwanamke ikasema huko chini, "Jirani yetu Mungai akituona hapa atatangazia kijiji kizima," na nyingine ikacheka. Philister akainuka kutoka kwenye benchi lake.

"Karibuni! Pole na ngazi! Mmebeba maji?"

Aliyetangulia alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha kichwani kilichofungwa vizuri na mfuko wa kanisani mkononi. Alishika ukuta akapumua. "Hapa ndipo pale pa Mungu akipenda?"

"Pa nani?" Kihara akauliza.

"Si mmeandika kwa simu? Naitwa Kanyiva, tumetoka Mutuini. Binti yangu ndiye alinionyesha. Kila siku ananiambia, 'Mama, enda ucheze, hiyo mgongo ifunguke.' Nikamwambia mahali pa densi mimi siendi, huko ni walevi na nguo fupi. Akanionyesha hii yenu. Nikasoma mpaka mwisho. Nikasema, ala, huyu aliyeandika hivi ni mtu wa kanisa, huyu hawezi kunitia aibu. Nikawaita hawa."

Hawa walikuwa bado wanapanda. Wengine wa Mutuini, wengine wa hapa hapa Kabiria, mmoja amekuja na msichana wake wa kazi, mwingine na kiatu kimoja cha wazi kwa sababu ya kidole kibaya. Baadaye wakaingia wengine ambao walikuwa wamesimama chini ya jengo wakiogopa kuwa wa kwanza. Benchi la Philister likajaa mifuko ya mkononi. Mama wa githeri alitazama ukumbi, akatoa simu, akasikika akimwambia mtu, "Wauzie wewe. Mimi nimekwama."

Kihara alikuwa amesimama tu na ile kamba ya spika. Philister akamwambia, "Mwalimu, wageni wako."

Tulicheza. Siwezi kusema tulicheza vizuri. Kihara alisema kulia, nusu yetu tukaenda kushoto, na Mama Kanyiva alikwenda mbele akagongana na kioo akakiomba msamaha. Ule ukumbi mkubwa uliojaa upepo siku zote ulijaa vicheko na harufu ya mafuta ya kujipaka. Kuna mama mmoja alilia kidogo katikati ya wimbo, akajipangusa akaendelea, na hakuna aliyemuuliza. Philister alikuwa nyuma, karibu na mlango, ili amwone anayeingia. Alicheza kama siku ile ya deki, mabega yakienda upande wao na yeye upande wake. Miguu yake haikuwa imevimba.

Tulipomaliza, Kihara alitoka nje kwenye ngazi na simu. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliongea kwa sauti kubwa, tukasikia sote. "Bwana harusi, samahani. Hiyo saa iko na wenyewe. Jioni iko wazi, mnaweza?" Akasikiliza. "Basi iko sawa."

Philister alikuwa ameketi kati ya mifuko, anajipepea na leso. Alifumba macho, midomo ikasogea kidogo, nikajua anazungumza na nani. Alipoyafumbua akachukua simu ya studio, akatafuta Jumamosi inayofuata. Akaita kupita vichwa vya watu, "Kihara, Jumamosi ijayo umekubali?"

"Nimekubali, Mama Sammy!"

"Mama Kanyiva, na nyinyi wa Mutuini?"

Mama Kanyiva alikuwa anavaa kiatu, amejishikilia mlangoni. "Mungu akipenda," akasema.

"Hilo nimeshaandika," Philister akamwambia. "Nauliza kama mtakuja."

"Tutakuja, mama. Tutakuja."

Akabonyeza, akaiweka simu juu ya leso, akaanza kuwagawia akina mama mifuko yao.